Ngongoti na Miaka Yetu Minne

Kaka yangu alicheza mpira wa kikapu wa kulipwa katika nchi kumi na moja, na ukimsikiliza yeye, hajafukuzwa hata katika nchi moja. Mikataba ilikuwa inaisha. Makocha walikuwa wanabadilika. Hali ya hewa ilikuwa inamkataa. Kuna nchi moja ya visiwa ambako, kwa maneno yake, timu nzima ilivunjwa wiki aliyoondoka kwa sababu bila yeye hawakuona haja ya kuendelea. Mama aliamini. Mimi nilikuwa napiga pasi, nikainamisha uso nisije nikacheka nikaunguza blauzi.

Watu wanamwita Ngongoti, yule mcheza ngoma juu ya miti mirefu, kwa ule urefu wake, kwamba labda kuna miti miwili imefichwa ndani ya suruali. Tangu alipokuwa na miaka kumi na minne vizingiti vya juu vya milango ya nyumba yetu vimekuwa vikimpiga kwenye paji la uso, na hajajifunza. Kucheza alijua, hilo sitamnyima. Mpira ulikuwa bado uko hewani, wenzake wanautazama tu, yeye keshapanda, keshaudaka, keshatua nao. Lakini duniani warefu wanaojua kuruka ni wengi, na timu za huko alikokwenda zilihitaji mgeni mmoja tu, kwa miezi mitatu, mpaka mchezaji wao aliyeteguka kifundo cha mguu apone. Huyo mgeni ndiye alikuwa kaka yangu. Alikuwa mtu wa kushika nafasi mpaka mwenyewe arudi.

Alichezea timu ya kiwanda cha saruji, ambako walifanya mazoezi kwenye ghala baada ya malori kuondoka na sakafu ilikuwa na vumbi la kutelezesha hata paka. Alichezea timu ya kiwanda cha magodoro, fulana zao zina picha ya mwanamke aliyelala mgongoni, na wapinzani walikuwa wakiwakoromea uwanjani. Mahali fulani ukumbi ulikuwa na dari fupi, wenyeji wakawa wamezoea kurusha mpira chini chini, yeye siku ya kwanza akaruka kama alivyozoea, akagonga taa kwa kichwa akashonwa nyuzi nne. Katika nchi moja ya baridi alimaliza msimu mzima kwenye benchi akiwa amevaa koti. Aliliacha benchi mara mbili: mara ya kwanza wenzake watatu walipougua mafua, na mara ya pili ukumbi ulipowaka moto.

Anajua kusema "goti linauma" kwa lugha tisa. Kwenye nchi ya lugha ya kumi alikaa siku kumi na mbili tu, goti halikuwahi.

Na kila alikofika alituma picha, amekunja mikono kifuani ndani ya fulana mpya, nyuma yake kuna ukuta. Mama akazitundika zote sebuleni. Mgeni akiingia kwetu, kabla hajaletewa maji ya kunywa, ameshatembezwa nchi kumi na moja. "Hapa walimpenda sana," Mama anasema akigusa kioo cha picha. "Na hapa pia walimpenda sana." Kwa jinsi alivyopendwa huko nje, ni ajabu hakuna aliyemwambia abaki.

Sasa nieleze alivyoanza, maana hapo ndipo na mimi ninapoingia.

Miaka ishirini na mmoja iliyopita yalitangazwa mashindano ya vijana walio chini ya miaka kumi na minane, na ikasemekana watakuja watu kutoka nje kuangalia vipaji. Kaka alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Kocha wake, mtu asiyevua filimbi shingoni hata akienda msibani, alikuja nyumbani, akakaa sebuleni, akayapiga magoti yake makofi mawili.

"Mama, kijana wako mzuri. Tatizo lake amekula chumvi kidogo kupita kiasi," akasema. "Tumpunguzie minne tu."

Alisema "minne tu" kama fundi anayezungumzia upindo wa suruali. Mama akauliza kama ni dhambi. Kocha akasema dhambi ni ya moyoni, hii ni ya karatasi. Baba alikuwa ameshafariki zamani, kwa hiyo wa kwenda kuapa alikuwa Mama.

Wakaenda ofisi ya usajili wa vizazi. Karani wa siku zile alikuwa mzee mmoja mpole. Akasikiliza habari za cheti kilichokosewa, akachovya kalamu, akaanza kuandika, kisha akainua kichwa.

"Mama, hapa naona ulijifungua binti mwezi wa tatu. Na huyu wa kiume unataka nimwandike mwezi wa sita, mwaka huohuo. Hiyo miezi mitatu ulifanyaje?"

Kocha akashika filimbi yake. Mimi na kaka tumepishana miaka mitatu na miezi tisa, na yeye alikuwa amekata minne bila kuuliza kama kuna mtu mwingine kwenye foleni. Kaka mwenyewe alikuwa nje ukumbini akidundadunda mpira, wala hakujua kwamba ndani anazaliwa upya. Mtu yeyote mwenye akili timamu angesema huyo binti asogezwe mwaka mmoja, yaishe. Mama akatoa hukumu yake.

"Basi mpunguze na huyo minne. Mimi sibagui watoto wangu."

Si mimi ninayepiga chuku. Alinisimulia mwenyewe aliporudi, akiwa amefurahi, kama mama aliyekwenda kugawa kitu na akahakikisha wa kike hakupunjwa. Akaapa kiapo kimoja kwa watoto wawili, karani akafuta, akaandika, vyeti vya zamani vikabaki ofisini. Hakuna aliyepiga hesabu kwamba kwa cheti kile kipya mimi nilizaliwa baba akiwa na mwaka mmoja na nusu kaburini. Vifo vilikuwa kwenye kitabu kingine, chumba kingine.

Na mimi wakati huo nilikuwa na miaka kumi na saba, na barua ya kukubaliwa chuo cha uuguzi. Niliiweka ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya sare za shule, nikawa naitoa kila asubuhi kuhakikisha maneno hayajabadilika. Umri wa kuingia ni kuanzia miaka kumi na saba. Waombaji wafike na cheti halisi cha kuzaliwa. Nikafika nacho. Mkuu wa chuo, muuguzi mnene mwenye saa iliyobanwa kifuani, akakisoma, akanitazama, akakisoma tena.

"Miaka kumi na mitatu?"

"Cheti ndivyo kinavyosema," nikajibu.

"Hata kama ungekuwa mrefu kama nguzo, mwanangu, siwezi kumkabidhi mtoto wa miaka kumi na mitatu bomba la sindano. Nenda nyumbani."

Nikaenda. Nililia njia nzima, na nilipofika nikamkuta kaka anajipimia mashati ya safari, kwa sababu mashindano alishinda, medali alipewa, na watu wa nje walikuwa wamempenda sana. Mchezaji bora wa vijana! Mwanamume anayenyoa ndevu mara mbili kwa wiki alikuwa anawarukia watoto wa sekondari vichwani, watu wanapiga makofi. Alinipiga bega akasema, "Usijali, mdogo wangu, nikifika huko nitawavuta wote." Kwa miaka kumi na minane aliyokaa huko, alichokivuta nyumbani ni fulana.

Nikangoja miaka minne ili nitimize kumi na saba kwa mara ya pili. Nilipotimiza, chuo kilikuwa kimebadilisha masharti, wanataka masomo matatu ya sayansi, na mimi nilikuwa nayo mawili. Nikaomba kazi ya kufua hospitalini. Nilichagua hospitali makusudi, nikijidanganya kwamba angalau nitakuwa karibu. Ni miaka kumi na sita sasa. Nikifungua fungu la mashuka ya wodini najua nani kashonwa vibaya, nani hapewi maji ya kutosha, mtoto yupi homa imemtoka kwa jasho. Siku moja nilimwambia muuguzi wa zamu kwamba kitanda cha saba mgonjwa anavuja damu na hakuna aliyemtazama. Akaniuliza mimi ni nani. Kitanda cha saba alikuwa anavuja damu.

Nilimchukia kaka yangu, nasema wazi. Kila picha mpya ilipotundikwa ukutani nilimchukia upya.

Miaka mitatu iliyopita unga ukamwagika kabisa. Magoti yote mawili yalikuwa yamekwisha, na hakuna timu iliyokuwa tayari kumchukua hata kwa wiki. Akarudi na masanduku mawili ya fulana na mashine ya kukanda misuli, akakaa kwenye kochi la Mama, miguu imefika mlangoni. Nikitaka kwenda jikoni lazima niiruke. Jioni anakwenda viwanja vya shule kusahihisha watu ambao hawajamwomba. Kila neno lake linaanzia "kule". Kule hatukai hivi. Kule mpira haushikwi hivyo. Refa mmoja alimwuliza kwa upole kama kule kuna nauli ya kurudi.

Mwaka huu yakatokea mambo mawili kwa mkupuo.

La kwanza lilikuwa langu. Hospitali ilitangaza kwamba itawasomesha uuguzi watumishi wake wa ngazi ya chini, miaka miwili, mwenye miaka kumi kazini aombe, sayansi mbili zinatosha. Sharti ni moja tu: siku ya kuanza masomo uwe hujapita miaka thelathini na mitano. Mimi nina thelathini na minane. Lakini cheti kinasema thelathini na minne. Kwa mara ya kwanza tangu nitolewe ile miaka minne, ilikuwa imegeuka upande wangu. Nilijaza fomu siku hiyohiyo. Tuliomba sitini, wakachukua sita, na jina langu nililisoma ubaoni nikiwa nimebeba kapu la magauni ya chumba cha upasuaji. Nililia juu ya magauni, ikabidi niyarudishe kwenye mashine.

La pili lilikuwa la Ngongoti. Mwenyekiti wa chama cha mpira wa kikapu alistaafu, na kaka akaamua kwamba kile kiti kimechongwa kwa makalio yake. Akasoma masharti kwa sauti, sisi tukiwa sebuleni: awe amecheza, awe na heshima, awe na umri usiopungua miaka arobaini. Akaurudia mstari wa mwisho.

"Mimi nina arobaini na miwili," akasema.

"Una thelathini na minane," nikamwambia. "Bado kijana."

"Hicho cheti ni cha uongo!"

"Pole sana."

Kesho yake akaenda usajili, akarudi anang'aa, akaketi bila hata kugonga kizingiti. Karani amemwambia inawezekana. Lakini kwa kuwa kiapo kilikuwa kimoja kwa watoto wawili, kukitengua ni kukitengua chote, na Mama aende mwenyewe kusema alikosea.

"Kwa hiyo na wewe utarudishiwa miaka yako!" akaniambia, kama aliyeniletea zawadi.

Nikaweka chini sahani niliyokuwa nimeshika.

"Nikirudishiwa miaka yangu nakosa chuo."

"Chuo gani?"

"Kaka, nimekuambia mara tatu. Nimechaguliwa uuguzi. Tunaanza mwezi ujao."

"Aa, kile." Akajikuna goti. "Si utaomba tena mwakani?"

"Mwakani nitakuwa na miaka mingapi, kwa akili yako?"

"Sasa mdogo wangu, tusigombane. Wewe tayari una kazi. Mimi hata kiti sina."

"Cha kukalia unacho. Mwaka wa tatu huu hujakiachia."

Akamgeukia Mama. Alijua pa kugeukia, maana tangu azaliwe hajawahi kugeukia huko akakosa. Mama alikuwa akikunja nguo zangu za kazi, hakuinua macho.

"Niliapa mwenyewe," akasema. "Nitakwenda mwenyewe. Keshokutwa."

Ngongoti akanyanyuka akamkumbatia, kichwa cha Mama kikafika kwenye tumbo lake. Nilikuwa na mengi ya kusema, ila nilijua hukumu za nyumba ile, nilizijua kuliko mtu yeyote. Siku mbili zile nilifua bila kuhesabu, nikachanganya taulo za wodi ya wazazi na za maiti, msimamizi wangu akaniuliza kama nimefiwa.

Siku ilipofika niliomba ruhusa ya saa mbili. Nilitaka jambo hilo wanifanyie nikiwa natazama.

Ofisi ya usajili imebadilika, siku hizi kuna kioo chenye tundu, na tundu limewekwa kwa kimo cha mtu aliyekaa. Kaka alijikunja mara tatu ndipo mdomo wake ukalifikia. Alikuwa amevaa koti zito la timu ya nchi ya baridi, nembo kifuani, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola, ili karani aone anazungumza na nani. Karani, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba, alimwomba asogee asimzibie mwanga.

Kitabu kikafunguliwa. Mama akaletewa kiti.

"Mama, unaapa hapa," karani akasema. "Utakachosema naandika, na ukisema uongo ni kosa. Huyu ni mwanao?"

"Wangu."

"Mmekuja juu ya umri wake. Haya, sema wewe. Ana miaka mingapi?"

Mama akainua uso akamtazama mwanawe. Alimtazama muda mrefu, kuanzia nembo mpaka viatu. Kisha akageuka akanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, bado nina aproni, mikono imekunjamana kwa maji. Sijui aliona nini. Aliiangalia mikono.

"Thelathini na minane," akasema.

"Mama!" kaka akapaza sauti. "Mama, umesahau? Nina arobaini na—"

"Nyamaza, wewe. Wakubwa wanazungumza."

Watu kwenye foleni wakacheka. Karani akashusha miwani. "Kwa hiyo kitabu hakijakosea?"

"Hakijakosea."

"Na binti, huyu wa chini yake?"

"Ana thelathini na minne," Mama akasema. "Anaanza chuo mwezi ujao. Andika vizuri."

Karani akaandika kwamba hakuna marekebisho, akasukuma karatasi kwenye tundu. Mama hakuweza kuishika kalamu. Ilimponyoka mara mbili ikagonga kioo. Ni mtu wa sala, Mama. Hajui kusema uongo mdogo hata kwa mwenye duka, na hapo alikuwa ametoka kuapa uongo mbele ya watu ishirini. Nikauweka mkono wangu juu ya wake, tukatia sahihi pamoja.

Nje kaka alisimama kwenye ngazi akiwaeleza wapita njia, wasiomjua, kwamba amemalizwa na mama yake mzazi. Halafu akatuuliza sisi, kwa uchungu wa kweli, nani sasa ataongoza chama. Tulimpita. Mama alitembea mpaka kona ya jengo, akaegemea ukuta, akavuta pumzi.

"Ile mara ya kwanza niliapa bila kukuuliza," akasema. "Na leo sikukuuliza. Ningekuuliza, ungenikataza?"

Nilimtazama uso wake, mzee aliyejitia hatiani kwa ajili yangu baada ya miaka ishirini na mmoja, na mdomo wangu ulikuwa tayari na jibu zuri la mtoto mwema. Sikulitoa.

"Nisingekukataza, Mama," nikamwambia. "Ningekuomba."

Akaitikia kwa kichwa. Akanifungua aproni kwa nyuma, akaikunja, akaniambia nikanunue viatu vyeupe.